Jinsi wizara yetu Bujumbura ilivyochagua kufuli jipya la siri zake wakati wa vita, na salamu za Mama Spès zikaamua

Wakuu, salamu kwanza.

Hamjambo nyote? Mlioko kazini, mlioko kwenye foleni, mliolala na simu juu ya pua. Wagonjwa poleni, wafiwa poleni, wenye watoto wachanga hongereni. Wa Kigoma, wa Dar, wa Nairobi, wa Goma, na sisi wa Buja, wote nawasalimu.

Naomba msizirukie hizo salamu. Uzi huu wote ni habari ya salamu, mtaona wenyewe.

Juzi kuna mkuu mmoja humu aliandika kwamba serikali zetu haziwezi kulinda hata barua pepe ya mtendaji wa kata, kwamba usalama wa data ni mambo ya wazungu, sisi tunapokea box tu na kusema asante. Nilisoma nikasikia damu inachemka. Nikamwambia mume wangu, leo naandika.

Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, nilikuwa nimekaa ndani ya chumba. Majina nimebadilisha na wizara siitaji. Mambo yenyewe sijayaongezea chumvi, yalikuja na chumvi yake.

Haya, twende.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi. Kwa asiyeijua Bujumbura, Buyenzi ndiyo mtaa wetu Waswahili, mafundi magari, wauza vipuri, misikiti, na kelele za nyundo kutwa nzima. Nilisoma mambo ya kompyuta nje, nikarudi, nikaajiriwa kwenye kitengo cha kompyuta cha wizara moja. Zama hizo jioni kompyuta tulikuwa tunaifunika kitambaa cha kudarizi, kama TV ya sebuleni.

Vita vilikuwa vimeshakula miaka mingi. Barabara inayopanda kutoka mjini kwenda mikoani haikupitika kienyeji. Malori yalijipanga Zone Industrielle, kwenye maghala ya karibu na bandari, yakipakia dawa, mbegu na chumvi, halafu yanapanda kwa msafara mmoja na wanajeshi mbele na nyuma.

Dereva mmoja wa malori hayo alikuwa mume wangu, Baba Zuhura.

Kwa hiyo wengine waliposema "msafara" wao walimaanisha dawa. Mimi nilimaanisha mtu.

Sasa sikieni siri ya serikali ilivyokuwa. Habari za msafara zilipelekwa mikoani kwa redio. Lori liliitwa ndizi. Wanajeshi waliitwa mvua. Basi mtu anashika redio anasema, "Kesho ndizi zitaiva asubuhi, na mvua itanyesha kubwa."

Chekeni tu, mimi mwenyewe nacheka.

Ukisikiliza redio hiyo kwa wiki chache, ukaona kila ndizi zikiiva malori yanapanda, unahitaji shahada gani tena? Wauza samaki wa Kibenga, kando ya ziwa, walikuwa wanajua ndizi zinaiva lini.

Siku moja msafara ukangojewa kwenye kona za mlimani. Baba Zuhura alirudi na mlango wa lori umetobolewa risasi. Dereva wa lori lililokuwa mbele yake, jirani yetu, mtu aliyekuja kula kwetu Idi, hakurudi.

Mume wangu alikaa uani, akanywa maji. Baadaye ndipo akasema.

"Walikuwa wanatungoja, Mama Zuhura. Apana kubahatisha. Walikuwa wanajua saa."

"Basi acha hii kazi."

"Mi nikiacha, dawa itapanda na nani? Mi niko dereva. We fanya kazi yako, na mi nifanye yangu."

Wakuu, sentensi hiyo iliniingia. Kazi yangu ilikuwa ni nini basi, kama si kuhakikisha hakuna anayejua saa?

Haikupita muda, wizara ikaunda kamati. Sisi Warundi tunapenda kamati, lakini hii ilikuwa na kazi kweli. Tuliambiwa redio za mikoa zitaunganishwa na kompyuta, ujumbe utaandikwa, utafungwa kwa hesabu, utarushwa hewani ukiwa takataka, na upande wa pili utafunguliwa. Kamati ichague njia moja ya kufunga, na hiyo ndiyo itakuwa sheria kwa wizara na mikoa yote.

Tulikuwa wanne. 

Bwana Déo, mwalimu wa hesabu chuo kikuu, mtu mwembamba anayeongea na ubao kuliko anavyoongea na watu. 

Kapiteni, mkuu wa mawasiliano jeshini, mkali, nadhifu, haamini mtu. 

Mama Spès, mkuu wa itifaki. Huyu ndiye aliyeandika kila barua iliyotoka wizarani kwenda kwa wakubwa. Anakaa Kinanira, mtaa wa wenye nafasi huko juu, anashuka kazini amevaa kama anakwenda harusini, na hata waziri alikuwa anakaza tai akimwona. 

Na mimi.

Kabila la nani ni lipi, mle ndani hatukuulizana, na nje watu walikuwa wanauana kwa swali hilo. Hili nalitaja mara moja tu halafu naendelea, lakini ni sehemu ya kwanza ya fahari yangu.

By the way, tulikuwa tunaongea Kirundi, Kifaransa na Kiswahili vyote kwenye sufuria moja. Nawaandikia kwa Kiswahili ili tusipotezane.

Mezani kulikuwa na njia mbili.

Ya kwanza ilikuwa mashine ya mzungu mmoja aliyekuja kuiuza, box jeusi zuri lenye taa ya kijani. Ukimwuliza inafungaje, anatabasamu anasema ni siri ya kiwanda. Kapiteni aliipenda papo hapo.

Ya pili aliileta Bwana Déo. Ilikuwa hesabu iliyotoka kuchaguliwa huko nje baada ya mashindano ya wazi, wataalamu wa dunia nzima wameishambulia wakashindwa kuivunja. Kila kitu kimeandikwa hadharani, bure, yeyote asome. Leo iko ndani ya simu hiyo unayosomea uzi huu. Sisi wakati huo tulikuwa nayo kwenye karatasi tu, na ingebidi tuandike software wenyewe.

Kapiteni aliikataa.

"Kufuli gani hiyo mutu yote anajua vile imetengenezwa? Siri ni siri, Bwana Déo."

Déo akageukia ubao, kama kawaida yake. Mimi nikajibu.

"Mon Capitaine, pale sokoni makufuli yote iko namna moja. Fundi yote wa Buyenzi anajua kufuli iko ndani namna gani, hata akiwa na usingizi. Na bado duka yako haifunguke na ufunguo ya jirani. Siri iko kwenye ufunguo, apana kwenye chuma."

"Na hii ya mzungu?"

"Hatujue. Labda iko nguvu. Labda iko bati. Tuijaribu."

Hapo Kapiteni, namsifu, akakubali. Ila akaweka sharti: jaribio lisiwe la vitabuni, liwe kama kazi yetu ilivyo. Mama Spès aandike ujumbe wa siku nzima, kwa magavana, kwa wakuu wa tarafa, kwa wakuu wa maghala, kama anavyoandika siku zote. Mashine ifunge. Mimi na Déo tujifanye adui, tupewe zile takataka tu, tuone tutapata nini.

Tukapewa chumba chenye dirisha linaloangalia ziwa, na rundo la karatasi za namba.

Tulitoka kapa. Siku ya kwanza kapa, ya pili kapa. Déo aliandika ubao ukajaa, akafuta, akaandika tena. Mzungu wa mashine alikuwa anapita mlangoni anatusalimia kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko dharau.

Halafu nikarudi nyumbani jioni moja, nikiwa jikoni nakanda unga.

Lazima niwaambie kuhusu unga kwanza. Kwa sababu ya kazi yangu, saa ya msafara niliijua kabla ya mume wangu, na sikuruhusiwa kumwambia. Dereva alijua akifika ghalani. Sasa dereva akipanda anafungiwa chapati za njiani, na majirani wa Buyenzi wana macho, wakiona Mama Zuhura anasukuma chapati nyingi watajua. Kwa hiyo nikawa nasukuma chapati kila siku. Anaondoka, haondoki, chapati. Mwanaume alinenepa mpaka akafungua tundu jipya kwenye mkanda.

Basi nakanda unga, nikasikia sauti yake nje. Baba Zuhura hawezi kuingia nyumbani bila kusalimia mtaa mzima, mlango kwa mlango. Nyundo za mafundi zilikuwa zinalia, sikusikia neno hata moja, mngurumo tu kupitia ukuta.

Na bado nilijua kila neno.

Nilijua sasa anasema asalaam alaykum, sasa anauliza mumeshindaje, sasa anauliza mguu wa mzee, sasa anaomba Mungu atulinde. Nilijua kwa sababu ni yale yale kila siku, kwa mpangilio ule ule.

Nikaacha unga kwenye beseni.

Asubuhi nilimkuta Déo keshafika.

"Bwana Déo, Mama Spès anaanza ujumbe namna gani?"

Akanitazama. Halafu akasema polepole, kwa Kirundi, kama mtu anayesali, "Nyakubahwa Buramatari..."

Buramatari ni gavana kwa Kirundi. Nyakubahwa ni mheshimiwa. Na baada ya hapo, wakuu, Mama Spès anateremka. Amani iwe kwako, na kwa wa nyumbani kwako, na kwa mkoa wote unaouongoza, na kwa wanaokusaidia kazi, Mungu awakinge na mabaya ya wakati huu. Nusu ukurasa, na hapo ujumbe haujaanza. Neno kwa neno, kwa kila gavana, kila siku. Mrundi hawezi kukuambia jambo kabla hajakusalimu, na mkubwa anasalimiwa kirefu.

Tukazipanga karatasi mezani, moja chini ya nyingine. Zilizokwenda kwa magavana zilianza na namba zile zile.

Ile mashine yenye taa ya kijani ilikuwa na mfuatano mmoja wa namba kwa siku nzima, kila ujumbe inauanza upya, inauchanganya na maneno yako. Sisi maneno tulikuwa nayo, kwa sababu kila mtu nchi nzima anajua Mama Spès anavyosalimia gavana. Ukitoa salamu kwenye takataka, unabaki na mfuatano wenyewe mkononi.

Subirini, bado.

Mkuu wa ghala si gavana. Yeye anasalimiwa kwa mstari mmoja tu, "Bwana chef, amahoro," yaani amani, halafu kazi. Kwa hiyo pale ambapo gavana bado anaulizwa hali ya nyumbani, mkuu wa ghala ameshaambiwa saa ya kuondoka.

Tulichukua namba tulizopata kwenye heshima ya gavana, tukaziweka juu ya ujumbe wa mkuu wa ghala. Déo alikuwa anasoma, mimi naandika. Yakatoka maneno. Malori mangapi. Barabara ipi. Saa ngapi.

Déo alikaa chini. Mimi nilikwenda dirishani nikalia kidogo, kwa hasira. Kwa sababu saa kama hiyo ndiyo iliyomtobolea mume wangu mlango wa lori. Na box zuri lingeitangaza tena, kwa ufasaha zaidi kuliko ndizi na mvua.

Kapiteni alisoma karatasi yetu akiwa amesimama. Akaisoma tena. Akavua kofia.

"Bon. Tunakataza salamu," akasema.

Mama Spès akainua macho.

"Mon Capitaine, unakataza nini?"

"Salamu. Tuandike kazi tu. Saa, malori, basi."

"Apana. Mi siwezi kutuma kwa Buramatari karatasi bila salamu. Atafikiri nini huyu mutu?"

"Atafikiri tuko vitani, Mama Spès."

"Jaribu basi. Mi niko hapa, sitoke."

Kapiteni akajaribu. Akarusha ujumbe mfupi kwa mkoa mmoja, swali dogo tu kuhusu betri za redio, bila nyakubahwa, bila amahoro, bila Mungu.

Wakuu, haikuchukua muda simu ya mkurugenzi wetu ikaanza kulia. Ofisi ya gavana inauliza kwa sauti ya chini, jamani mjini kuna nini? Serikali bado ipo? Nani amechukua? Gavana mwenyewe alikuwa ameshawaambia wa nyumbani wafunge mizigo.

Kumbukeni nchi ilikuwa imeshaonja mapinduzi, zaidi ya mara moja. Kwetu karatasi isiyo na salamu ilikuwa na maana moja tu, kwamba aliyeandika hajali tena wewe ni nani.

Mama Spès alifunga kalamu yake kwenye mkoba, taratibu.

"Voilà," akasema. "Kufuli yenu itajifunza kusalimia. Apana mi kuacha."

Kapiteni alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona meno.

Na hapo, wakuu, ndipo kamati ilipopata kipimo chake. Hakikutoka kwenye kitabu cha mzungu yeyote. Déo alikiandika ubaoni kwa Kifaransa kizuri, na mimi nawapa kwa lugha yetu: kufuli litakalochaguliwa lazima libaki limefungwa hata kama adui anajua salamu zote, kwa sababu salamu hazitaachwa.

Tukaingia kazini, mimi na Déo. Tuliandika software ile kutoka kwenye karatasi, mstari kwa mstari, umeme ukikatika tunaandika kwa mkono. Vijana wa IT humu mtaniambia mtu haandiki kufuli lake mwenyewe. Sawa kabisa. Hesabu haikuwa yetu na hatukuigusa hata nukta, na kila jibu tulililinganisha na majibu yaliyochapishwa na wenyewe, mpaka yote yakakubaliana. Tulichoongeza ni utaratibu: kila ujumbe uanze na namba mpya ya kubahatisha, isiyorudi tena, ili salamu ile ile isitoke na sura ile ile mara mbili.

Siku ya jaribio mambo yaligeuka. Kapiteni na watu wake wakawa adui. Mama Spès akaandika, na safari hii alijitanua, magavana walisalimiwa mpaka mifugo. Watu wa jeshi wakapewa takataka zetu, na tukawapa na salamu zenyewe kwa maandishi safi, tukawaambia shikeni, hizi hapa, fungueni.

Walikaa nazo kuliko sisi tulivyokaa na za mzungu. Hakuna karatasi iliyofanana na nyenzake. Hawakupata hata herufi.

Kapiteni alirudi akaweka rundo mezani.

"Mi nilikuwa nasema siri iko kwenye chuma," akasema. "Bwana Déo, Madame, mi nasaini."

Mzungu wa mashine alituambia nchi maskini haiwezi kujilinda kwa kitu cha bure. Mama Spès akamsindikiza mpaka kwenye gari, akamuaga kwa heshima zote za itifaki, salamu kwa mke, kwa watoto, kwa safari. Sijui kama alielewa kwamba alikuwa anapigwa kijembe.

Ripoti ikapanda ngazi, ikarudi na maswali, ikapanda tena. Siku moja ikashuka na saini ya waziri: kuanzia sasa ujumbe wote wa wizara na mikoa utafungwa kwa njia hii na si nyingine. Wanaopokea mikoani wakaitwa mjini, tukawafundisha. Wazee waliozoea redio, vidole vimekakamaa, lakini walijifunza. Na kila mmoja alituuliza swali lile lile mlangoni, kwa aibu kidogo: salamu tunaendelea kuandika, si ndiyo?

Endeleeni, baba. Ndefu tu.

Halafu ukaja msafara wa kwanza chini ya kufuli jipya.

Ujumbe wa kuondoka niliufunga mimi mwenyewe, kwa vidole hivi. Nilijua saa, nilijua lori la mume wangu liko la ngapi. Nikarudi nyumbani nikasukuma chapati kama jana na juzi. Asubuhi akachukua, akasema "Mungu akipenda," akasalimia mtaa wote, akaenda ghalani bila kujua. Nilisimama mlangoni nikisikia sauti yake inavyopungua mlango kwa mlango.

Kufuli tulilolipeleka kwa waziri, sasa ndilo lililobeba roho yake.

Kutwa nzima nilikaa ofisini mbele ya kompyuta. Déo alikaa karibu yangu akijifanya anasahihisha mitihani. Kapiteni akaja "kupita tu", akaketi. Mama Spès alileta chai, hakunywa hata yeye.

Jioni redio ikaanza kukoroma. Ujumbe kutoka mkoani, umefungwa. Nikauingiza, nikaweka ufunguo.

Lazima mjue kompyuta ile ilikuwa inafungua taratibu, na printa yetu ilikuwa zile za kelele, inachapa mstari, inapumzika, inachapa mstari. Ikaanza.

*Kwa Nyakubahwa Waziri, amani iwe kwako.*

Krrr.

*Na kwa wa nyumbani kwako.*

Krrr.

*Na kwa Mkurugenzi, na wa nyumbani kwake, na kwa wote wanaomsaidia kazi.*

Nikamshika Mama Spès mkono. Wakuu, mzee yule wa mkoani alikuwa amefurahia mashine. Alikuwa ameambiwa aandike ndefu, akatii. Akauliza hali ya mvua mjini, mvua ya kweli. Akamsalimia Mama Spès kwa cheo chake kamili. Akawasalimia "na wale waliotufundisha kompyuta, Mungu awape nguvu za macho."

Kapiteni alikuwa amesimama, jasho linamtoka.

"Mama Spès," akasema kwa sauti ndogo, "mi naomba, kwa heshima yote, tungekataza hizi salamu."

"Nyamaza, mon Capitaine. Anafika kwenye habari."

Krrr.

*Imiduga yose yashitse amahoro.*

Magari yote yamefika salama.

Déo alipiga meza kwa kiganja. Kapiteni akageukia ukutani. Mimi sikusogea, kwa sababu magari kufika ni jambo moja, na mlango wa lori la mume wangu ulishawahi kufika bila jirani yetu.

Printa ikapumzika. Nikadhani imekwisha. Mrundi hamalizi bila kuaga, nilisahau.

Krrr.

*Madereva wote wako hapa, wanakula. Wanawasalimu. Kuna mmoja anauliza nani atakula chapati za kesho, maana yeye yuko huku.*

Nililia wakuu, sikujali nani ananiangalia. Mama Spès naye alilia na vipodozi vyake vyote. Salamu ya mwisho kabisa, ile ambayo Kapiteni angeifuta, ndiyo iliyonirudishia mume.

Sisemi vita viliisha kwa sababu yetu. Barabara iliendelea kuwa barabara ya vita, na kuna wengine tuliwazika. Lakini tangu siku ile, mpaka amani inakuja, hakuna saa ya msafara iliyovuja kutoka kwetu. Kapiteni alikuwa anafuatilia kama mtu anayetafuta kosa la mkwe, na hakulipata.

Kwa hiyo mkuu uliyeandika juzi, nilichojifunza ni hiki. Teknolojia nzuri tuliichukua kutoka nje na hatuoni aibu, hesabu ni ya dunia yote. Lakini swali la kuipima lilitoka kwetu, kwa tulivyo, kwa tunavyosalimiana. Aliyetuuzia box hakuwahi kutuuliza tunaanzaje barua. Nchi inayojijua inajua kufuli gani linaifaa, hata ikiwa maskini, hata ikiwa inaungua. Tulifanya hivyo sisi, wanne, kwenye chumba kimoja Bujumbura, na najivunia mpaka leo. Nitazikwa najivunia.

Baba Zuhura yupo. Ninavyoandika hivi namsikia nje, ndiyo kwanza yuko mlango wa tatu, anauliza mguu wa mtu.

Mliowahi kufanya kazi serikalini, mliowahi kungoja mtu barabarani wakati wa vita, na nyie vijana wa IT, njooni mchangie, hata kunipinga.

Ila msinitumie jibu kavu. Ukiniandikia bila salamu, nitafunga mizigo.